Wanafunzi Wangu ni Watu Wazima, na Baada ya Chai Nusu Yao Hawarudi

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa uhasibu katika chuo kimoja cha kibinafsi hapa katikati ya jiji la Nairobi. Nina umri wa miaka 29. Nafundisha darasa la jioni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kuanzia saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili usiku. Tuko ghorofa ya nne na madirisha yanatazama kituo cha matatu, kwa hivyo makanga wakianza kuwaita abiria wa Kayole na Githurai inabidi nipaze sauti.

Wanafunzi wangu wengi ni watu wazima wenye kazi zao. Kuna mama anayeuza mitumba Gikomba, rika la mama yangu mzazi. Kuna kijana anayeoka mikate kiwandani, Industrial Area, ambaye huingia zamu saa kumi alfajiri. Ikifika saa kumi na mbili jioni kichwa chake kiko mezani. Kuna bwana mmoja, karani wa hesabu katika kampuni ya uchukuzi. Kazi anaijua, amefuata cheti tu, na kila nikisema jambo yeye husema, "Ofisini hatufanyi hivyo, mwalimu." Halafu kuna vijana waliomaliza kidato cha nne juzijuzi, wanaolipiwa karo na wazazi. Hao macho yako kwenye simu tangu waketi hadi waondoke.

Muhula ukianza, darasa hujaa hadi tunaazima viti darasa la jirani. Kufikia wiki ya tano au ya sita, safu za nyuma ni tupu. Na hata wanaokuja, tukitoka kwenda chai saa moja kasorobo, nusu yao hawarudi. Wanaobaki hunakili kila ninachoandika ubaoni. Nikiuliza, "Tumeelewana?" wote huitikia, "Ndiyo, mwalimu." Nikitoa zoezi, nakusanya karatasi nyeupe.

Nimejaribu kuwatia moyo. Huwaambia elimu haina mwisho, nikawakumbusha mzee Kimani Maruge aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84. Wananipigia makofi, halafu Jumatano hawaonekani. Nimewaonyesha video za watu waliofanikiwa. Ukali pia upo: chuo kina sheria kwamba mlango ufungwe dakika 15 baada ya somo kuanza, nami nimeagizwa niisimamie. Mama wa Gikomba amefungiwa nje zaidi ya mara moja, kwa sababu kufunga kibanda, kupanga mzigo na kutembea hadi mjini si jambo la dakika mbili. Juzi alinitumia ujumbe: "Mwanangu, pengine shule si yangu." Ujumbe huo umenikosesha usingizi.

Mkurugenzi naye ananiita ofisini na kuniambia hesabu ya wanafunzi inashuka kwa sababu silichangamshi darasa. Mimi nalipwa kwa saa, na saa zenyewe hutegemea idadi yao. Shangazi, mtu aliye rika la mzazi wangu nimkaripie vipi? Au nimbembeleze? Na je, kweli inawezekana kumtia mtu mzima ari ya kusoma, au ari ni ya mwenyewe?

Mwalimu wa Jioni,
Nairobi

* * *

Marahaba, mwanangu.

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokutesa. Ari wanayo. Mtu aliyesimama kazini tangu asubuhi, akatoa nauli yake kuja mjini wakati wenzake wanaelekea nyumbani, akapanda ngazi hadi ghorofa ya nne, huyo hahitaji kuambiwa kwamba elimu ni muhimu. Keshajiambia mwenyewe, tena kwa maneno makali kuliko yako. Ndiyo sababu hotuba zako hupigiwa makofi na zisibadilishe kitu: unawagawia walicho nacho. Hata mzee Maruge unayewatajia hakuingia darasani kwa sababu ya hotuba. Alikuwa na haja yake. Alisema anataka kujisomea Biblia mwenyewe.

Wanachokosa ni uhakika kwamba jioni ya leo imewapa kitu. Mtu mzima huipiga hesabu hiyo akishuka ngazi. Upande mmoja kuna karo, nauli, mtoto aliyeachwa kwa jirani, usingizi. Upande wa pili kuna nini? Akikosa jibu leo, na Jumatano akakosa, na Ijumaa tena, ataacha kuja bila kumlaumu mtu. Na kama jibu la jioni zote ni kwamba amenakili kurasa tatu kutoka ubaoni, mimi simshangai anayetorokea kwenye chai.

Kwa hiyo acha kuhangaika utawachangamshaje. Hangaika watafanya nini kwa mikono yao kabla ya kuondoka, na kitu hicho kiwe kimekamilika, cha kweli, na kinachowezekana. Mtu akifaulu kufanya jambo ambalo jana hakuliweza, ari huja yenyewe. Sisi walimu wengi hutaka ije kwanza ndipo tuwape kazi, na tunaisubiri muhula mzima.

Nikuonyeshe ninachomaanisha kwa somo moja, lile la mishahara.

Najua jinsi kitabu kinavyoanza: maana ya mshahara, aina za makato, umuhimu wa rejista. Kiweke kando kwa nusu saa. Tengeneza hati ya mshahara ya mtu wa kubuni, mshahara wake Sh30,000 kwa mwezi, na upige fotokopi moja kwa kila wanafunzi wawili. Andika makato matatu: NSSF (akiba ya uzeeni) Sh1,800, SHIF (bima ya afya) Sh1,125, ushuru wa nyumba Sh450. Moja umelikosea makusudi. Wanaoingia wapokee karatasi mlangoni, kabla hata hujafungua kalamu ya ubao, na uwaambie: huyu mtu anadai amekatwa pesa zaidi ya haki. Mtafutieni shilingi zake.

Kisha nyamaza. Wape dakika kumi. Utasikia darasa likipata sauti ambayo hujawahi kuisikia, kwa sababu hakuna mtu Nairobi asiyekuwa na la kusema kuhusu makato. Mmoja atakumbuka SHIF ni asilimia 2.75. Mwingine atabisha. Vijana watatoa simu, na safari hii simu itakuwa kikokotoo. Asilimia 2.75 ya 30,000 ni Sh825, kwa hiyo karani aliandika kana kwamba ni asilimia 3.75, akamkata mtu Sh300 zisizo zake. NSSF asilimia 6 ni Sh1,800, hiyo sawa. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni Sh450, nayo sawa.

Sasa ongeza swali la pili: mwajiri atatoa kiasi gani juu ya huo mshahara? Hapo wengi watanyamaza, na huo ukimya ni mzuri, ni wa watu wanaotaka kujua. Mwajiri huongeza kiasi kilekile kwa NSSF na kwa ushuru wa nyumba, lakini SHIF ni ya mfanyakazi peke yake. Basi NSSF itapokea Sh3,600, ushuru wa nyumba Sh900, SHIF Sh825. Kodi ya mapato iache kwa siku nyingine, ila waonyeshe kwamba makato hayo matatu huondolewa kwanza ndipo kodi ipigwe kwenye kinachobaki.

Hapo ndipo ugeukie ubao. Gharama za mshahara zinaingia upande gani? Pesa zilizokatwa lakini bado hazijapelekwa ni mali ya nani? Debiti na krediti ulizokuwa ukizihubiri wiki nzima sasa zina mwenyewe, zina pesa za mtu ndani yake. Maelezo yako yaleyale yatasikilizwa, kwa sababu yamekuja baada ya swali.

Tahadhari moja tu. Usimwombe mtu alete hati yake mwenyewe mbele ya wenzake. Mshahara ni siri, na kuna walio darasani mwako ambao hawajawahi kupewa hati yoyote, wanapokea pesa mkononi. Tumia mtu wa kubuni. Wenye maswali yao watakufuata pembeni.

Jambo hili halikuanza leo wala halikuanzia kwetu. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kaskazini-mashariki mwa Brazil, Paulo Freire na wenzake waliwafundisha watu wazima karibu 300 kusoma kwa muda wa saa zipatazo 40. Hawakuwashikisha vitabu vya watoto. Walianza na maneno ya kazi na maisha ya watu hao, wakayajadili, kisha wakayavunja silabi kwa silabi. Wale walikuwa watu wa jua kali na malipo duni, na jioni walikuwa wamechoka kama wako walivyochoka.

Na wewe umeketi juu ya hazina bila kuichimba. Mama wa Gikomba hununua robota la nguo bila kulifungua. Akilifungua, anatoa kamera, zile nguo za daraja la kwanza, anaziuza bei ya juu. Zinazofuata anazishusha bei siku baada ya siku, na za mwisho anazimwaga chini watu wachague. Kila hatua anajua moyoni kama robota limerudisha pesa zake au bado. Mwanangu, huko ndiko kuthamini bidhaa zilizobaki na kukokotoa gharama ya zilizouzwa, mada ambayo vijana wako wa kidato cha nne wanaikariri bila kuiona. Yule mama anaifanya kila wiki. Anachokosa ni namna ya kuiandika ili benki imwamini. Ukilifundisha somo hilo kwa robota lake, yeye ndiye atakuwa mtaalamu darasani na wewe utakuwa unampa majina ya vitu anavyovijua.

Lakini usimsimamishe ghafla aeleze. Watu wazima hawaogopi kazi, wanaogopa aibu. Wengi wana jeraha la hisabati walilolipata shule ya msingi, na wameketi kwako wakisubiri siku watakayogunduliwa. Anayeitwa ubaoni bila kujiandaa akakosea mbele ya vijana wa miaka 19, huenda usimwone tena. Mpe kwanza dakika mbili tatu azungumze na jirani yake. Kisha uliza, "Ninyi wawili mmefikia wapi?" Jibu likiwa la wawili, kosa pia ni la wawili, na halimchomi mtu.

"Tumeelewana?" hiyo iache kabisa. Hakuna mtu mwenye heshima zake atakayemjibu mwalimu "hapana". Uliza swali lenye jibu. Kwa mfano: mama anauza bidhaa za Sh100,000 kwa mwezi na faida yake ni Sh8,000. Yuko kwenye kodi ya mauzo ya asilimia 3, ile ya biashara zenye mauzo ya zaidi ya Sh1 milioni na yasiyozidi Sh25 milioni kwa mwaka. Kodi yake ya mwezi ni Sh240 au Sh3,000? Wainue kidole kimoja au viwili, wote kwa pamoja. Utaona darasa limegawanyika. Usiseme nani amepata. Waambie kila mmoja amtafute aliyeinua tofauti na yeye, wabishane dakika tatu, kisha wainue tena. Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, alianza kufundisha kwa namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990 alipoona wanafunzi wake wanajua kanuni lakini hawaelewi zinasema nini. Jibu ni Sh3,000, kwa sababu kodi hiyo hupigwa kwenye mauzo, na faida haiulizwi. Yule aliyelitetea jibu la Sh240 kwa nguvu zote hatalisahau hilo maishani.

Kila somo lianze kwa maswali mafupi ya yale ya juzi, manne au matano, kwenye kipande cha karatasi, vitabu vimefungwa, bila alama na bila kukusanya. Wanafunzi watanung'unika mwanzoni. Fanya tu. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena na waliokisoma kisha wakajipima kwa kukikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Mwanafunzi wako hana saa za kusoma nyumbani usiku. Dakika hizo tano za kujikumbusha ni za thamani kuliko kurasa alizonakili. Na anayepata matatu kati ya matano anaanza jioni yake akijua kwamba kuna kitu kimebaki kichwani.

Karani wako anayesema "ofisini hatufanyi hivyo" usimchukulie kama mpinzani. Jibu lake jema ni: "Tuonyeshe mnavyofanya." Mpe dakika tano, mapema, ukimwarifu siku iliyotangulia ili ajiandae. Aeleze, kwa mfano, jinsi kampuni yake inavyohesabu pesa za mafuta anazopewa dereva wa safari ya mbali, na risiti anazotakiwa kurudisha. Kisha wewe uliza darasa: kitabu kinasema hivi, ofisi inafanya hivi, kwa nini? Wakati mwingine ofisi ina njia ya mkato inayofaa. Wakati mwingine ofisi inakosea, na mtihani utamwadhibu asipoijua tofauti. Ila usimgeuze msaidizi wako kila siku. Amelipa karo kama wengine, naye ana haki ya kufundishwa asilolijua. Ikiwa kozi yenu iko chini ya mtaala wa umahiri wa CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya vyuo vya ufundi, mwanafunzi anatakiwa kuweka jalada la ushahidi wa kazi alizofanya. Huyo atakuwa na la kuweka, na wenzake watajifunza kwake jalada zuri linavyofanana.

Kijana wa mikate, zungumza naye faraghani, bila lawama. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Muulize ni saa ngapi hasa anashindwa, na kazi ya mikono ya siku hiyo uiweke saa hizo. Akitaka kusimama nyuma ya darasa badala ya kuketi, mruhusu. Siku nyingine atalala tu. Mwache, mwekee karatasi.

Kuhusu chai, sidhani wanakutoroka wewe. Wanatoroka usiku. Anayekwenda Rongai au Kitengela anajua kwamba akichelewa kituoni nauli hupanda, na mvua ikinyesha hupanda zaidi. Mwanamke anayeshuka kituo cha mwisho ana mwendo wa miguu gizani, naye anaufikiria tangu saa kumi na mbili. Ukiwapa mapumziko saa moja kasorobo, umewafungulia mlango saa ileile wanayopima kama wabaki. Yaondoe mapumziko hayo. Chai iletwe darasani ndani ya chupa, mtu anywe huku akifanya kazi, na somo liishe saa moja na nusu. Likiahidiwa saa moja na nusu liishe saa moja na nusu, hata kama una la kuongeza.

Dakika 20 za mwisho ziwe za kazi moja fupi ya kila mtu: ingizo tatu za leja, au hati moja ya mshahara mpya. Anayemaliza anakuonyesha, unaangalia, unamsahihisha papo hapo, anaenda zake. Wa Rongai atafanya haraka, na wewe kila jioni utakuwa umeziona kazi za wote. Hilo pia litakuonyesha nani anaanza kuachwa nyuma, kabla hajaacha kuja.

Sasa mlango, ambalo kwangu ndilo jambo zito kuliko yote uliyoniandikia. Mtoto wa shule akifungiwa nje, kesho atakuja mapema kwa sababu kuna mzazi nyumbani. Mtu mzima akifungiwa nje anasimama kwenye ngazi, anasikia sauti za wenzake, anajiona mjinga, kisha anashuka. Anayekosa mara moja amepitwa na somo. Anayekosa mara mbili anaanza kuona aibu kurudi, kwa sababu hajui wenzake wamefika wapi na hataki kuuliza. Huko ndiko zinakoishia zile safu zako za nyuma, na wengi wao hawakuchagua kuacha. Walikosa mahali pa kuingilia tena.

Mpe mkurugenzi pendekezo hili: katika darasa la jioni, anayechelewa aingie kimya, aketi meza iliyo karibu na mlango, ambapo karatasi ya maswali ya mwanzo inamngoja. Hasumbui mtu, na heshima ya muda bado ipo kwa sababu waliowahi wamekwisha kupata dakika zao za kujikumbusha. Kila mwanafunzi awe na mwenzake mmoja anayemwekea karatasi akikosa. Kwenye kundi la WhatsApp la darasa, tuma usiku huo picha ya ubao na sauti fupi ukieleza mlichofanya. Usitume video ya somo zima. Bando ni pesa, na hakuna atakayeitazama.

Halafu mjibu yule mama. Leo, usingoje. Hakikisha tu kwamba ruhusa ya mlango umeipata kwanza, ili usimwahidi usichoweza kukitimiza. Ningeandika hivi: "Mama, habari ya jioni. Shule ni yako. Wiki ijayo tunafundisha jinsi ya kuhesabu faida ya mzigo uliouzwa nusu, na darasani hakuna anayeijua kazi hiyo kukushinda. Nimekuwekea karatasi za siku ulizokosa. Njoo hata ukichelewa, mlango utakuwa wazi." Usimuulize mbona hakuja. Anajua mbona.

Na umwite mama, ndiyo, ikiwa hivyo ndivyo anavyopenda. Wiki ya kwanza ya muhula muulize kila mtu angependa kuitwaje. Wengine watataka jina la mtoto wao, wengine jina lao la kwanza tu, na karani wako huenda akataka "Bwana". Uliuliza kama uwakaripie au uwabembeleze. Watu wa umri huo hawahitaji hata kimoja. Kazi ikiwa mbovu sema ni mbovu, onyesha wapi, na umwambie mwenyewe akiwa peke yake. Habari za karo nazo zisitajwe kamwe mbele ya darasa, hata ofisi ikikuletea orodha. Irudishe ofisini, na mwenye deni aitwe huko.

Kuna watakaoacha hata ukifanya haya yote. Mtu atahamishwa kazi, atajifungua, atauguza mzazi Kisii, atapata kibarua cha usiku. Usiyabebe hayo kama makosa yako. Lakini piga simu ujue sababu, na uiandike kwenye daftari. Baada ya wiki chache utaweza kumwonyesha mkurugenzi wangapi waliondoka kwa sababu ya somo, wangapi kwa sababu ya saa, wangapi kwa sababu ya mlango. Kwa sasa yeye anakisia na wewe unajitetea.

Unalipwa kwa saa na najua maandalizi hayalipwi, kwa hivyo usibadilishe masomo yote matatu ya wiki kwa mpigo. Badilisha la Jumatatu. Hati ya mshahara nimekwisha kukupa. Fotokopi tu ndiyo imebaki. Kwa mkurugenzi omba mambo mawili, mlango na saa ya kumaliza, kwa muhula mmoja wa majaribio, na mkubaliane kuhesabu walioketi darasani wiki ya sita. Asipokuwa tayari kukupa yote mawili, omba mlango peke yake.